Nimekunywa Dawa ya Mwanangu, Kiungulia Kimeniisha

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usicheke mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu mke wangu husoma safu yako kila Jumamosi asubuhi mezani, tena kwa sauti, na ukicheka wewe na yeye atacheka, halafu atauliza huyu mpumbavu ni nani, na mimi nitakuwa nimekaa mbele yake napaka mkate siagi.

Mimi ni fundi bomba, miaka kumi na sita kazini, na hivi ninavyokuandikia nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bafuni kwa mteja, nasubiri tangi lijae nione kama kiungo nilichofunga kinavuja, kwa hiyo mwandiko ukiyumba unisamehe. Nina mke mmoja na mtoto mmoja. Mtoto tulimsubiri miaka tisa, mshauri, miaka tisa ya watu kutuuliza mnangoja nini, na alipokuja akaja na sauti ya mtu mwenye cheo, ndiyo maana nyumbani tunamwita Meneja. Ana miezi minne. Akikunja uso nyumba nzima inasimama.

Sasa Meneja anacheua. Najua watoto wote wanacheua, mama mkwe wangu anayeshinda naye mchana ameshaniambia hivyo mara mia, lakini huyu wetu ananyonya, anatulia dakika tano, halafu maziwa yanarudi yote, na yakirudi analia na kujipinda mgongo, na wiki za karibuni akaanza kulikataa titi kabisa, akiliona tu anageuza uso na kuanza kulia kabla hata hajaguswa. Mke wangu ni karani wa mahakama. Kutwa nzima anaandika neno kwa neno yanayosemwa na watu waliokula kiapo, kwa hiyo nyumbani pia ana daftari, na humo kila alichocheua Meneja kimeandikwa saa yake, kiasi chake na mahali kilipoangukia. "Saa tatu na dakika ishirini, vijiko viwili, bega la kushoto la baba." "Saa sita kasorobo, kijiko kimoja, miwani ya bibi."

Tukampeleka kwa daktari, mama mmoja mtu mzima, mpole, akampima akakuta uzito haupandi inavyotakiwa, akachukua karatasi akatuchorea tumbo, akasema, "Hapa juu ya tumbo pana kama mlango. Wa mtoto huyu bado haujakaza, ndiyo maana maziwa yanarudi, na yanarudi na asidi inayomuunguza."

Mshauri, niliruka kwenye kiti. Nikamwambia, "Daktari, hiyo si valvu ya kuzuia maji kurudi? Nazifunga kila siku!" Mke wangu akanifinya paja. Daktari akasema naam, kitu kama hicho, ila hii itakaza yenyewe mtoto akikua, kazi ya dawa ni kupunguza huo moto mpaka hapo. Akaandika dawa ya maji, mililita moja asubuhi na mililita moja jioni kabla ya kunyonya, kwa wiki mbili, akasema pia tumshike wima nusu saa kila akimaliza kunyonya. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau mpaka leo. "Mkirudi hajabadilika, itabidi apelekwe hospitali kubwa apitishwe mpira puani mpaka tumboni, tuone kuna nini."

Kwa kuwa mimi ndiye mwenye saa za kujipangia, dawa ikawa zamu yangu. Mke wangu akabandika karatasi kwenye mlango wa friji, mistari kumi na minne, kila mstari na visanduku viwili, asubuhi na jioni, kazi yangu ni kumpa Meneja na kutia alama ya vema, basi, hata mlevi angeweza.

Mimi sikuweza. Mshauri, nina mwiko wangu wa kazi, sifungi kitu kwa mteja kabla sijakijaribu kwangu. Uani nina meza na bomba langu la majaribio, na koki yoyote mpya au valvu mpya hupita pale kwanza, tena naijaribu kwa presha mara mbili ya ile itakayokutana nayo, ndiyo maana sina mteja aliyewahi kuniita mara ya pili kwa kazi ile ile. Sasa asubuhi ya kwanza nafungua boksi la dawa, ndani kuna karatasi, ukiikunjua inafunika meza nzima, herufi ndogo kama sisimizi, nikawasha tochi ya kazini nikaisoma yote. Kuharisha. Kufunga choo. Nikajiuliza, dawa moja itafanyaje yote mawili? Kusinzia. Kukosa usingizi. Upele. Nikamtazama Meneja, amelala chali anatafuna vidole, akanichekea, na mkono ulioshika kile kibomba cha plastiki cha kupimia dawa ukaanza kutetemeka, mkono huu huu unaokata mabomba ya chuma. Nikasema ngoja kwanza, nijaribu. Nikainywa mimi. Siku ya kwanza mililita mbili kwa ajili ya presha, halafu nikashuka kwenye moja. Nia yangu ilikuwa siku tatu tu za majaribio, kisha nimkabidhi mwenyewe dawa yake.

Sasa sikia ajabu. Mimi nina kiungulia cha miaka kumi na moja. Nilikuwa mtu wa kurudi kazini, kufuta sahani iliyojaa maharage na pilipili mpaka jasho linitoke, halafu najitupa kwenye kochi hapo hapo na usingizi unanichukua, na kiungulia kinapanda mpaka nahisi kimefika masikioni. Siku ya tano nikagundua sijakisikia. Kimekwenda! Nimekitafuta sikioni, kifuani, hakipo! Na si kwamba siku hizi nina raha ya kula, nakula nimesimama, kijiko kimoja kimoja kwa mkono mmoja, Meneja yuko begani kwa ile nusu saa ya daktari, pilipili nimeacha kwa sababu nikimgusa usoni na vidole nitamuumiza, kochi lenyewe nimesahau linakalikaje. Ni dawa tu. Basi badala ya kufurahi ndiyo nikaogopa zaidi, nikasema, ikiwa imezima moto wa mtu wa kilo tisini na mbili, itamfanya nini mtu wa kilo tano na nusu? Nikajiongezea siku za majaribio. Na kila asubuhi na kila jioni natia alama ya vema kwenye friji.

Ubaya ni kwamba dawa ina ladha ya ndizi. Mke wangu siku moja akanikaribia akasema, "Mbona unanukia ndizi?"

Nikasema nimekula ndizi.

"Wewe? Wewe usiyependa ndizi?"

"Mtu hubadilika."

Akafurahi, mshauri. Kesho yake akaja na chane zima, akasema heri nimeanza kula matunda, na tangu siku hiyo kila jioni anakaa mbele yangu ananitazama nikila ndizi mbili, na mama mkwe naye aliposikia akaleta chane lake. Halafu nikaona hatari, Meneja hanukii kitu. Nikachovya kidole kwenye dawa nikakipaka kwenye kitambaa chake cha shingoni. Jioni mke wangu akamkumbatia, akanusa, akacheka, akasema, "Maskini mwanangu, ananukia kama baba yake." Nilienda kusimama uani karibu na meza yangu ya majaribio nikajiona mwizi.

Leo ni siku ya kumi, na Jumatatu ijayo tunarudi kwa daktari. Jana mke wangu alikuwa na daftari upande huu na ile karatasi ya friji upande huu, akasema, "Hajakosa hata dozi moja, na bado anacheua. Nitamwambia daktari dawa imeshindwa, wampitishe tu huo mpira." Akalia juu ya kichwa cha mtoto. Halafu akanishika mkono akaniambia, "Asante. Wewe umefanya kila kitu." Amenishukuru, mshauri!

Nifanyeje? Nimwambie daktari pembeni mke wangu akiwa anamvisha mtoto nguo, au nianze leo kumpa Meneja dozi mbili mbili afidie siku zilizopita, au ninyamaze niombe aache kucheua mwenyewe kabla ya Jumatatu? Na usidhani nimekaa bure, kitanda chake nimekiinua upande wa kichwa kwa vigae viwili, nimepima kwa pima maji, mteremko safi kabisa. Barua hii naileta mwenyewe ofisini kwenu leo leo, nina bomba la kutengeneza mtaa wa pili. Ukiichapisha nakuomba sana andika mimi ni dereva wa lori na mtoto ni wa kike. Tangi limejaa na halivuji, angalau hilo.

Ni mimi,
Fundi Aliyepona

* * *

Fundi Aliyepona,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke, nimeshindwa, nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia mlangoni, halafu nikafika pale mkeo anapokushika mkono na kukushukuru, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Kwanza habari ya simu. Namba yako iko nyuma ya bahasha. Nimekupigia mara sita tangu Jumatano jioni na hukupokea hata moja. Mafundi bomba nyinyi mna nini na simu? Sinki la jikoni kwangu linadondosha tangu mwezi wa pili, na fundi wake kila nikimbahatisha yuko njiani. Ungepokea, tungemaliza mambo haya sisi wawili kimya kimya. Kwa kuwa hukupokea na Jumatatu haisubiri, nakujibu hapa mbele za watu, na sikuandika dereva wa lori. Madereva wa lori wana mambo yao ya kutosha, na hakuna hata mmoja ambaye angekunywa dawa ya mtoto kwa presha mara mbili.

Barua yako nimemsomea mfamasia wa hapa jirani, mtu asiyecheka ovyo, akaomba nimrudie pale penye ndizi. Alipotulia akaniambia hivi: kipimo cha mtoto wa kilo tano na nusu kikiingia kwenye tumbo la mtu mzima wa kilo tisini na mbili hakitafanya jambo la maana. Kwa hiyo acha kuiogopa eti ina nguvu za ajabu. Haikukutibu.

Unataka kujua nani kakutibu? Soma barua yako mwenyewe. Ulikuwa unakula sahani nzima ya pilipili na kwenda kulala nayo kwenye kochi. Sasa unakula kidogo kidogo, umesimama, huna pilipili, na baada ya chakula unakaa wima nusu saa na mtoto begani. Hayo ndiyo wanayoambiwa wenye kiungulia kila siku na hawasikii. Wewe umeyafuata bila kujua, kwa sababu ya Meneja. Mtoto wa miezi minne amemtibu baba yake miaka kumi na moja ya kiungulia, na baba yake ameshindwa kumpa mililita moja.

Hapo nimekukaripia, sasa nikuambie ninachokiona. Mlisubiri miaka tisa. Mtu aliyesubiri miaka tisa akipewa kibomba cha dawa na karatasi yenye vitisho vyote vile, mkono lazima utetemeke, na mimi nakuonea huruma kwa huo mkono. Kuogopa si kosa. Kosa lako ni zile alama za vema. Ungemwambia mkeo siku ile ile, "Mke wangu, mkono unatetemeka, nishikie." Maneno matano. Na kama dawa yenyewe ilikutia shaka, mzazi ana haki ya kurudi kwa daktari au mfamasia na ile karatasi mkononi, akauliza mstari kwa mstari, hata akasema sitaki. Wako watoto wengi wanaocheua wakiwa wanene na wenye raha, na daktari hawapi dawa yoyote. Huyu wako aliandikiwa kwa sababu anaumia, anakataa kunyonya na uzito unagoma. Ulichokifanya wewe ni kukataa kimyakimya, na sasa mwanao yuko hatarini kupitishwa mpira puani kwa kushindwa na dawa ambayo hajawahi kuionja. Hilo ndilo la kukunyima raha, si upele wa kwenye karatasi.

Basi fanya hivi, na usijaribu kwanza uani. Dozi mbili mbili za kufidia, sahau kabisa, usithubutu, dawa ya mtoto haifidiwi kama maji yaliyokatika. Usimpe hata tone mpaka uongee na daktari, na uongee naye leo, si Jumatatu, namba iko kwenye kadi ya mtoto. Ukienda nenda na chupa kama ilivyo, na useme aliyeinywa. Hilo la kumvizia daktari pembeni wakati mkeo anamvisha mtoto nguo ni utoto. Mambo haya atayajua mama kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Vigae viondoe kitandani sasa hivi. Mteremko wako ni mzuri kwa maji machafu, mtoto analala chali mahali palipo sawa, ukitaka kutumia pima maji itumie kuhakikisha hilo. Endeleeni kumshika wima baada ya kunyonya, mnyonyesheni kidogo kidogo mara nyingi, mpigapigeni mgongo abeue. Na mkiona anatapika kijani au damu, au matapishi yanaruka kwa nguvu, au nepi imekaa kavu kwa saa nyingi, au anapumua kwa shida, hiyo si ya simu wala ya gazeti, mnainuka mnakwenda hospitali dakika ile ile.

Na wewe mwenyewe, mtu wa kilo tisini na mbili, nenda ukafunguliwe faili lako. Kiungulia cha miaka kumi na moja kinaangaliwa na daktari wa watu wazima, kwa dawa ya watu wazima, isiyo na ladha ya ndizi.

Sasa, gazeti linafika kwenu asubuhi. Kama umeliwahi wewe mlangoni na unasoma mstari huu peke yako umesimama, bado una nafasi ya kuingia ndani na kumwambia mwenyewe kabla hajaketi. Itumie. Lakini kama umechelewa, na sauti inayosoma maneno haya ni ya mkeo, basi wewe nimemalizana nawe. Nazungumza na yeye.

Karani, dada yangu, naona umepunguza sauti. Mtu aliyekaa mbele yako ameacha kupaka mkate siagi. Ndiye. Una haki ya kila neno utakalomwambia, na nakuomba uyaweke mpaka adhuhuri, kwanza inua simu. Mwambie daktari mtoto hajanywa dawa hata siku moja, muulize kama aanze leo. Akikubali, mtoe yule baba pale alipo, mpe kibomba akishike yeye mwenyewe, na wewe mshike kiwiko. Mkono utatetemeka. Uacheni utetemeke. Zile ndizi zilizobaki atazimaliza zote jioni, wewe ukimtazama. Halafu ng'oa ile karatasi kwenye friji, fungua daftari ukurasa mpya, andika tarehe ya leo na saa, na chini yake uandike, kama unavyoandika kazini, ulichokiona kwa macho yako: mililita moja, mdomoni mwa Meneja.